Jumamosi tunao wenzetu viziwi kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza

Habari za jioni wanakikundi. Wakalimani wawili wa lugha ya alama wamethibitisha kuja.

Wakufunzi, nawaomba sana: eleza kwanza, tulia, ndipo uonyeshe kwenye doli. Kiziwi hawezi kumtazama mkalimani na mikono yako kwa wakati mmoja. Kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Badala ya kuhesabu kwa sauti, mgongee mwanafunzi kiziwi begani kwa kasi hiyohiyo mpaka mikono yake iizoee. Kukagua pumzi, atazame kifua na ahisi hewa shavuni, inatosha kabisa.

Tutafanya pia zoezi la kumwashiria mpita njia apige 112, namba ya dharura, kwani simu ya sauti haimsaidii kiziwi. Mkalimani asiwe na dirisha mgongoni, uso wake hautaonekana.