Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mshauri wa wanafunzi wa uhandisi asiwe yuleyule anayewasahihishia

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni injinia wa ujenzi hapa Mbeya, kila mwaka chuo kikifunga tunapokea vijana wa fildi saiti, na tukikaa kwenye chai ndo naambiwa mambo ambayo nadhani hayafiki mezani kwako.

Uhandisi ni miaka 4. Wiki moja kijana ana testi, ripoti ya maabara, michoro ya AutoCAD, na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, bado halijaingia kwahiyo anakunywa uji analala. Akishakamata sapu mbili tatu, yaani mitihani ya kurudia, kinachobaki kichwani ni kudisko, kuondolewa chuo kwa kufeli, na fikiria mtoto wa Makete au Ileje ambaye nyumbani wameanza kumwita injinia toka siku aliyopata chuo, anarudije? Sisi tunamwambia komaa, piga msuli. Kukesha tumekufanya sifa kabisa, wakati mtu asiyelala hata akisoma hashiki kitu.

Nikiwauliza mbona hamwendi kwa mshauri, wengi jibu ni moja: mshauri tuliyepangiwa ni mwalimu wetu, somo lake tunalo, nitamwambiaje kwamba nina wiki silali nalia tu alafu kesho anikute kwenye prizentesheni? Nawaelewa. Hata mimi nisingesema.

Kwahiyo naomba hili Mheshimiwa, kila chuo cha uhandisi kiwe na mshauri nasaha aliyesomea hiyo kazi, asiyetoa maksi wala kukaa kamati ya nidhamu, na ofisi yake iwe huku karibu na karakana, sio jengo la utawala ambako ukiingia tu kila mtu anajiuliza umefanya nini. Akiona ni sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ampeleke mtu hospitali ya rufaa mapema, maana sonona ni ugonjwa na unatibika.

Na kuna la sheria, hili linaniuma sana. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai, sasa kijana akimkuta rumeti wake kanywa sumu anaanza kuwaza polisi badala ya kukimbiza mgonjwa. Tafadhali kaa na mwenzako wa Katiba na Sheria mlipeleke bungeni kifutwe.

Wako,
Injinia wa saiti, Mbeya