Mwanangu, hiyo pete usiivae

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, kwamba umeandikiwa pete ya nilamu, yakuti ya buluu, jiwe la sayari ya Zohali, kwa sababu ya sade sati. Hiyo pete usiivae. Kama hujalipa, usilipe. Kama umeshalipa, ifunge kabatini.

Sade sati, ile miaka saba na nusu Zohali anapopita karibu na Mwezi wako wa kuzaliwa, sikatai, umo ndani yake. Mwezi wako uko nyota ya Samaki, na Zohali aliingia Samaki tarehe 29 Machi 2025, kwa hiyo uko awamu ya kati, ile anayopita juu ya Mwezi wenyewe. Atatoka Juni 2027, atarudi nyuma Oktoba, ataondoka kabisa Februari 2028. Usingizi kukatika, majibu ya kazi kuchelewa, mwili kuwa mzito bila ugonjwa, ndivyo awamu hii ilivyo.

Lakini aliyekuandikia jiwe amesoma kundali, chati ya kuzaliwa, isiyo yako. Ulizaliwa Mombasa saa mbili usiku, yaani 20:00, nawe umejaza 02:00. Kwenye karatasi niliandika "saa mbili usiku" tu; ulipaswa kuniuliza. Rashi, yaani nyota, ya Mwezi imesalimika kwa sababu Mwezi hukaa rashi moja karibu siku mbili na robo. Lagna, nyota inayochomoza mashariki mtu anapozaliwa, hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, na yako imeruka kutoka Kaa, ambayo ndiyo ya kweli, hadi Mizani.

Mwenye lagna ya Mizani, Zohali ndiye bwana wa nyumba yake ya nne na ya tano kati ya nyumba kumi na mbili za kundali, kwa hiyo nilamu humfaa. Lakini wewe wa Kaa, Zohali anashika ya saba na ya nane. Ukimvalia jiwe unaitia nguvu nyumba ya nane, ya ajali na maradhi sugu, katikati ya sade sati! Usiivae hata kwa yale majaribio ya siku tatu. Na dasha walizokupa, vile vipindi vya maisha vya kila sayari, zitupe, maana huhesabiwa kwa mahali Mwezi ulipo ndani ya nakshatra, kituo chake angani. Kwa kosa la saa 18 Mwezi husogea kama digrii 10, na nakshatra nzima ni digrii 13 na dakika 20.

Jaza upya: 20:00, Mombasa, saa za Afrika Mashariki, ayanamsha (kipimo cha kurekebisha mahali pa nyota) ya Lahiri. Kisha tazama ashtakavarga, jedwali la alama za sayari, Zohali ana alama ngapi Samaki. Nne kwenda juu, kipindi kinabebeka. Mbili au chini, usiache kazi na usimdhamini mtu mkopo.

Dawa yako ni chhaya daan, sadaka ya kivuli, Jumamosi jua likishazama. Huko Leicester mwezi Juni ni karibu saa tatu na nusu usiku, subiri. Bakuli la chuma, robo lita ya mafuta ya ufuta, sarafu moja ndani. Inama mpaka uuone uso wako wote, paji hadi kidevu, kisha uyatoe sadaka, usirudi nayo nyumbani. Nunua mafuta ya ufuta usiokaangwa. Yale mafuta meusi ya kukaangwa hayaonyeshi uso. Ya haradali yaache, huko chupa zake zimeandikwa ni ya kupaka tu. Halafu soma mantra ya Zohali, Om Sham Shanaishcharaya Namah, mara 108, taratibu.

Zohali ni wa wazee na wa watu wa kazi za jasho. Yule mama wa usafi mliyemcheleweshea pesa zake, mlipeni. Unasoma na kufanya kazi pamoja, najivunia kwa kila mtu hapa mtaani, lakini hilo la malipo limeniudhi.

Kutoka lagna yako Samaki ni nyumba ya tisa, ya baba. Mpigie simu. Presha anapima, dawa anameza akigombezwa. Tangi la maji limetengenezwa, bado linavuja chini ya koki.

Shangazi anakuja huko mwisho wa mwezi, nimempa thepla, ile mikate myembamba ya viungo, na achari ya embe. Achari ichote kwa kijiko kikavu, maji yakiingia itaota ukungu.

Pete usiivae, mwanangu. Nitumie kundali mpya, na risiti ya duka, nione kama wanarudisha pesa.

Mama