Hiyo asilimia 10 ni ya nini?

Uyole, Mbeya

Mama Tumaini wangu, kamwene!

Huku tu wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Ile picha ya kipeperushi cha kampuni ya mikopo nimeiona. Umeniuliza ukope au uache. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu tungeishia kucheka.

"Riba asilimia 10 tu! Rejesho shilingi 40,000 kwa wiki." Hapo hakuna uongo, na ndiyo maana nina wasiwasi. Mwongo utamkamata siku moja. Namba ya kweli iliyokatwa mkia ndiyo inayokuingiza mjini huku unashukuru.

Chukua kalamu. Unakopa 600,000 kwa miezi 6. Hiyo asilimia 10 ni ya kila mwezi (soma maandishi madogo pale chini, karibu na miguu ya yule mama anayetabasamu), tena inapigwa kwenye 600,000 nzima mpaka mwisho, hata kama deni umeshalipunguza. Riba ni 60,000 kwa mwezi, mara sita ni 360,000. Utarudisha 960,000. Sasa tazama mwezi wa mwisho: mtaji wao uliobaki mkononi mwako ni 100,000 tu, lakini riba bado ni 60,000. Ndiyo maana watu wanaiita mikopo hii kausha damu. Usije ukanisema kwamba na sisi kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, tunatoza asilimia 10. Ile yetu tunagawana wenyewe mwisho wa mwaka.

Halafu wameandika wateja 9 kati ya 10 wameridhika. Walioulizwa ni akina nani? Aliyenyang'anywa friji na kuzima simu hakuulizwa, nakuhakikishia.

Wewe na mimi tumekulia kwenye viazi, mambo haya si mageni kwetu. Tuseme mnunuzi mmoja anakupa 70,000 kwa gunia, mwingine 65,000. Unamkimbilia wa kwanza. Kumbe wake ni lumbesa, limeshonewa kilemba juu mpaka kilo 130, na wa pili anapima kilo 100 kama sheria inavyotaka. Wa kwanza amekupa kama shilingi 538 kwa kilo, wa pili 650. Bei ilitajwa kwa sauti, gunia likanyamaziwa.

Wanasiasa nao ni hivyohivyo, ila gunia lao ni nchi nzima. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, Watanzania walio chini ya mstari wa umaskini walikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007, wakashuka hadi asilimia 26.4 mwaka 2018. Lakini kwa vichwa, maskini walitoka kama milioni 13 wakafika kama milioni 14, maana tulikuwa tunazaliana. Anayetetea serikali atasimama jukwaani na asilimia, anayeipinga atasimama na vichwa, na wote wawili wanaweza kuapa. Mimi siwachukii kwa kuchagua namba. Ninachokasirikia ni kwamba hakuna anayekutajia ile nyingine.

Wazungu hawajatupita katika hili. Mwaka 2016 Uingereza, waliotaka kujitoa Umoja wa Ulaya walizungusha basi jekundu lililoandikwa kwamba nchi inapeleka huko pauni milioni 350 kila wiki. Hawakuondoa kwenye hesabu hiyo punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipewa hata kabla ya kulipa. Mamlaka ya takwimu ya huko ikasema inapotosha. Haikusaidia sana, kwani kila aliyebisha ilibidi aitaje tena hiyo milioni 350, na msikilizaji akaondoka na jambo moja tu: pesa nyingi zinaondoka.

Bei za madukani, 9,900 badala ya 10,000, hizo niache. Pale Mwanjelwa hata hiyo mia hurudishiwi, unapewa pipi.

Basi afisa mikopo akija, usimuulize riba. Muulize hivi: nikichukua 600,000, mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na ada ya fomu na bima? Aandike kwa mkono wake. Nitumie picha ya hiyo karatasi kabla hujaweka sahihi, hata kama ni usiku.

Msalimie Tumaini na baba yake.

Wako,
Mama Ambakisye