Wafaransa mmewaficha wapi?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia, ingawa ya kuandikia yamekuwepo tele. Ila makala ya Jumapili iliyodai kwamba vita vya Vietnam vilianza Wamarekani waliposhuka Da Nang mwaka 1965 imenishinda kumeza.

Novemba 1946 Wafaransa, waliokuwa wakoloni wa Vietnam, waliipiga Haiphong, mji wa bandari wa kaskazini, kwa mizinga ya manowari, wakaua raia wengi. Tarehe 19 Desemba, saa mbili usiku na dakika chache, Wavietnam wakauhujumu mtambo wa umeme wa Yen Phu, Hanoi ikawa giza totoro, na giza hilo ndilo lililokuwa ishara yao ya kuanza vita. Watu walitoa vitanda na makabati yao wakaziba mitaa. Walitoboa kuta, nyumba hadi nyumba, wapiganaji wapite bila kukanyaga barabara. Kifaru walikikabili kwa bomu lililofungwa kwenye ncha ya mti, mtu analisukuma kwa mikono yake mwenyewe, na aliyesukuma unajua yaliyompata. Mitaa ya kale waliishikilia hadi katikati ya Februari 1947, ndipo wakapenya usiku chini ya daraja la Long Bien na kuvuka mto. Mapigano hayakukoma hadi Mfaransa aliposhindwa kwenye ngome yake ya Dien Bien Phu, Mei 1954. Mmarekani wakati huo alikuwa mfadhili wake tu!

Juzi nikayasema haya kwenye baraza la kahawa. Kijana mmoja akakunjua gazeti lako, akagonga kidole kwenye aya: "Mzee, si imeandikwa hapa?" Wazee wenzangu wakaangua kicheko, na muuza kahawa akaniuliza kama nilikuwepo. Mimi niliyefundisha Historia hadi nikastaafu!

Lakini mtaandikaje sawasawa, ikiwa habari za kimataifa zimebakiwa na nusu ukurasa, kurasa mbili nzima ni mikeka ya kubeti, na bei bado inapanda?

Matangazo hayo ya kubeti angalau huwa na onyo la kucheza kistaarabu. Basi wekeni la namna hiyo chini ya makala zenu za historia. Au tarehe 19 Desemba ondoeni mechi za daraja la tatu Ureno, mtuchoree ramani ya Hanoi ya 1946. Yen Phu iko kaskazini, kando ya mto, msije mkaiweka kusini.

Mwalimu mstaafu,
Tanga