Barua kwa Ami: Ile Video ya Wayahudi na Amri za Nuhu

Ami, shikamoo.

Ile video uliyoitupia kwenye kundi la ukoo Ijumaa nimeitazama yote, mpaka pale jamaa anapoonyesha picha ya gilotini na kusema Wayahudi wameshaandaa sheria ya kutukata vichwa sote tusio Wayahudi. Binamu zangu walijibu kwa vikatuni vya machozi, shangazi akajibu astaghfirullah, mimi nikanyamaza. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa video yenyewe imeshazagaa, na kwa kuwa wewe umezeekea ukarani wa mahakama. Ukielezwa jambo la ushahidi na hukumu huhitaji kutafuniwa.

Nianze na lile ambalo watetezi wao hawalipendi: maandishi yapo. Yule jamaa hakuyatunga. Fungua Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya sheria, kitabu cha Sanhedrin, ukurasa wa 56 na 57. Marabi wanasema kwamba kabla ya Taurati kushuka kwa Nabii Musa, wanadamu wote walikuwa wameshapewa amri saba, ndizo za wana wa Nuhu: wasiabudu masanamu, wasimtukane Mungu, wasiue, wasilale na walioharamishwa kwao, wasiibe, wasile kiungo kilichokatwa kwa mnyama angali hai, na wasimamishe mahakama. Anayevunja, adhabu yake upanga. Hata mwizi wa kitu kisichofikia peruta moja, sarafu ndogo kabisa ya zama hizo, Musa bin Maimun, mwanasheria wao mkubwa wa karne ya 12, anasema anastahili kufa.

Hapo jamaa wa video hajasema uongo. Ila amepita mbio palipo na jambo zito kuliko gilotini yake, nalo ni namna kesi inavyoendeshwa.

Myahudi akishitakiwa kosa la kifo, Mishna, kile kitabu cha sheria ambacho Talmudi inakifafanua, inataka majaji 23 na mashahidi wawili wasio jamaa zake. Tena lazima awe ameonywa kabla ya kutenda, naye awe amejibu kwamba adhabu anaijua na bado anatenda. Nani anaua baada ya kuonywa hivyo mbele ya watu wawili? Mashahidi wanahojiwa mmoja mmoja: mwaka gani, mwezi gani, tarehe ngapi, saa ngapi, mahali gani. Jaji mmoja, Ben Zakai, alifikia kuwauliza habari za vikonyo vya tini kwenye mti ambao mtu aliuawa chini yake. Ungemkoma huyo, Ami. Ungeandika mpaka magharibi. Na hukumu ikishatoka, mtu anasimama mlangoni mwa mahakama na kitambaa mkononi, mwingine anakaa juu ya farasi kwa mbali, pale anapoweza kukiona. Akitokea yeyote kusema "nina la kumtetea", kitambaa kinapungwa, farasi anatimuliwa kwenda kuwazuia wanaompeleka. Hata mhukumiwa mwenyewe akisema ana la kujitetea anarudishwa, mara nne hata tano, mradi maneno yake yana uzito.

Mishna hiyohiyo, kwenye kitabu cha Makot, inasema baraza la majaji linaloua mtu mmoja katika miaka saba ni la maangamizi. Rabi Eleazar ben Azaria akasema: katika miaka sabini. Marabi Tarfoni na Akiva wakasema lau wangekuwa wao barazani, asingeuawa mtu kamwe. Shimoni ben Gamalieli akawajibu kwamba kwa mwendo huo wangewazidisha wamwaga damu katika Israeli. Ubishi umeachwa hivyohivyo kitabuni, hakuna aliyetangazwa mshindi.

Sasa mwana wa Nuhu, yaani asiye Myahudi. Jaji mmoja. Shahidi mmoja, hata akiwa ndugu yake. Onyo hakuna. Farasi na kitambaa havitajwi. Haya yote wameyachimbua kwenye Mwanzo sura ya 9, pale Mungu anapomwambia Nuhu kwamba amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake itamwagwa na mwanadamu. Umekaa mahakamani muda wa kutosha kujua mtu anayehukumiwa kwa shahidi mmoja na jaji mmoja amesimama wapi.

Swali ambalo video hailiulizi ni hili: upanga huo ulishikwa na nani? Talmudi yenyewe inasimulia kwamba miaka 40 kabla ya Hekalu kubomolewa, na lilibomolewa mwaka 70, baraza kuu lilihama ukumbi wake na kesi za kifo zikakoma. Marabi waliobishana habari za wana wa Nuhu kule Babeli walikuwa raia wa wafalme wa Kiajemi. Hawakuwa na mamlaka ya kumchapa Mwajemi kiboko, sembuse kumkata kichwa. Musa bin Maimun aliandika hukumu zake akiwa mganga nchini Misri, chini ya dola ya Salahuddin. Naye ndiye mkali kuliko wengi: anasema Nabii Musa aliamriwa kuwalazimisha walimwengu wote wazikubali amri hizo saba, na asiyekubali auawe. Aliandika hivyo, sitamsafishia. Aliandika kama alivyoandika sheria za mfalme na za kafara za Hekaluni, mambo ambayo hayakuwepo duniani katika uhai wake.

Hispania ya zama za kati mahakama za Kiyahudi ziliwahi kuua kwa idhini ya wafalme, lakini waliouawa ni Wayahudi wenzao, hasa wale waliowachongea ndugu zao serikalini. Rabi Asher ben Yehiel alipotoka Ujerumani akafika huko, alistaajabu kukuta marabi wanaohukumu kifo.

Yale maneno mawili ya marabi ambayo jamaa wa video aliyasoma kwa kishindo nayo tuyatazame. La kwanza, kwamba asiye Myahudi akisoma Taurati anastahili kufa. Ni kauli ya Rabi Yohanani, ukurasa wa 59. Mistari inayofuata inamleta Rabi Meir: hata asiye Myahudi akijishughulisha na Taurati ni sawa na Kuhani Mkuu, maana Mambo ya Walawi inasema "mtu" akizitenda ataishi, haikusema Mlawi wala Mwisraeli. Talmudi ikasuluhisha kwamba Meir amekusudia zile amri saba. Na Musa bin Maimun, pamoja na ukali wake wote, anaandika kwamba anayevuka mpaka huo aadhibiwe na aambiwe amestahili kifo, lakini hauawi. La pili, "mbora wa mataifa, muue", ni la Shimoni bar Yohai, mwanafunzi wa Akiva, na Akiva aliuawa na Warumi. Shimoni alikuwa anazungumzia farasi wa Wamisri waliowafukuza watu wa Musa mpaka baharini. Wafafanuzi wa Ufaransa na Ujerumani wakalifunga lisitoke nje ya vita. Ni neno baya la mtu aliyejeruhiwa, na sheria haikulibeba.

Sheria ya Marekani ya 1991 inayotajwa kuhusu amri hizi nayo ipo, Rais Bush baba aliitia saini. Ilitangaza siku moja ya elimu kumuenzi Rabi Menachem Mendel Schneerson, kiongozi wa Wayahudi wa Chabad, na utangulizi wake unazitaja amri saba za Nuhu kama msingi wa maadili. Haikutaja kosa lolote, haina adhabu, haina askari. Gilotini ameitia jamaa mwenyewe.

Mimi kidonda nakiona kwingine. Myahudi akimuua asiye Myahudi, itakuwaje? Mekhilta, tafsiri ya kale ya kitabu cha Kutoka, inamnukuu Isi ben Akavia akistaajabu: kabla ya Taurati tulikatazwa kumwaga damu, baada yake ndiyo tulegezewe? Jibu alilopewa ni kwamba huyo mahakama ya wanadamu haimuui, hukumu yake iko mbinguni. Musa bin Maimun akaiweka sheria hiyo kitabuni, ingawa anaacha mlango: wauaji ambao mahakama imeshindwa kuwaua, mfalme anaweza kuwaua kwa maslahi ya nchi. Menachem Meiri wa Perpignan, karne ya 13, alijitahidi kuwatoa mataifa yenye dini na adabu kwenye sheria nyingi za ubaguzi. Jitihada njema. Haikulifuta lile swali la Isi.

Na hapa, Ami, tusijitie hamnazo. Sisi watu wa pwani ni Mashafii. Tulisoma wapi kwamba Muislamu hauawi kisasi kwa kafiri? Mahanafi wanamuua akimuua dhimmi, yaani asiye Muislamu aliye chini ya ulinzi wa dola ya Kiislamu. Madhehebu yetu hayamuui. Na ile aya ya 32 ya Al-Maida uipendayo, kwamba aliyeiua nafsi moja ni kama ameua watu wote, yenyewe inasema waliandikiwa Wana wa Israili. Kwao imo katika Mishna, Sanhedrin sura ya 4, nayo ni hotuba wanayosomewa mashahidi wa kesi ya kifo ili waogope. Nakala nyingine zimeongeza nafsi "katika Israeli"; nakala kadhaa za kale za mkono hazina nyongeza hiyo.

Kama unataka cha kuogopa leo, acha Talmudi, tazama bunge. Israeli iliifuta adhabu ya kifo kwa mauaji ya kawaida mwaka 1954. Adolf Eichmann, afisa wa Wanazi, alinyongwa Ramla usiku wa kuamkia 1 Juni 1962, kwa sheria ya bunge ya 1950 dhidi ya Wanazi. John Demjanjuk, aliyeshitakiwa kuwa mlinzi katili wa kambi ya Wanazi, alihukumiwa kunyongwa 1988, na 1993 Mahakama ya Juu ikamwachia kwa kuwa ilibaki shaka kama ndiye mlinzi yule. Vikonyo vya tini, naona. Kisha Novemba 2025 mswada wa kuwaua wanaohukumiwa kwa ugaidi ukapita kura ya kwanza Knesset, bunge lao, na wakosoaji wanasema umeandikwa kwa namna itakayowaangukia Wapalestina tu. Habari hiyo haikuletwa kwenye kundi letu na yeyote.

Video sikuombi uifute. Iambatanishe na barua hii. Na jibu la lile swali la madhehebu ya Imam Shafii nalingoja kwako, kwa sauti ukipenda, maana najua kuandika kwenye simu kunakuchosha macho.

Msalimie shangazi.

Mwanao.