Idi Mubarak, na heri ya giza la mwezi mwandamo

Idi Mubarak kwenu nyote, ndugu, jamaa na majirani wa Dar es Salaam, mliofunga na msiofunga. Minal aidina wal faizina. Alhamdulillahi tumefikishwa, wapo tuliofuturu nao mwaka jana ambao mwaka huu tunawaombea dua tu. Na walioswali jana kwa mwezi wa nchi nyingine, Idi yenu nayo ni mubarak. Tambi zikibaki tunazipokea.

Mwaka huu salamu zangu zimelielekea giza. Najua sikukuu ina maneno yake: nuru, furaha, kheri na baraka. Giza tunalitaja umeme ukikatika tu, tena kwa maneno yasiyofaa kusemwa na mtu aliyefunga. Lakini Idi el Fitri ni sikukuu ya giza. Krismasi inaweza kuangukia mbalamwezi. Hii yetu haiwezi. Mfungo Mosi unaandama kwa mwezi mwembamba unaochungulia magharibi jua likishatua, na kabla hujamaliza kubishana na jirani kama ule ni mwezi au ni wingu, umeshazama. Usiku wote uliobaki ni giza totoro.

Wavuvi wa dagaa pwani yetu hii wanalijua hilo kuliko sisi tunaongoja tangazo la Mufti redioni. Kwao giza ni siku za kazi. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawaifuati taa, basi vyombo vinatia nanga na watu wanashona nyavu. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, utasikia "tumeingia giza", na hapo karabai zinawashwa, ingawa siku hizi nyingi ni taa za betri. Dagaa wanakusanyika chini ya mwanga, wavu unazungushwa. Sasa hebu fikiria, sikukuu tuliyoingoja mwezi mzima inamkuta mtu katikati ya giza lake! Ataswali, atakula pilau, atapokea wageni, huku roho iko baharini. Wapo wanaopumzika siku mbili tatu, nami nawapa pole wake zao, maana watahesabiwa hasara mpaka alfajiri.

Lipo na giza la fitri. Sheria yake inajulikana: pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, kwa mchele ni kama kilo mbili na nusu, na itolewe kabla ya swala ya Idi. Mtaani kwetu yuko mama mmoja anayengoja watoto wote walale kwanza. Hutoka na kikapu kilichofunikwa kanga, taa ya simu ameizima, anapita uchochoroni kwa kupapasa ukuta. Anagonga mara moja, anakabidhi, anageuka. Hata karibu hangoji. Asubuhi watoto wa nyumba ile wanakula pilau wakijua baba kaleta, na baba anatoka msikitini kifua mbele. Wazee walisema giza ni sitara, na sitara ndiyo hiyo. Siku hizi kuna fitri zinazotolewa kamera ikiwa mbele, mpokeaji kashikishwa mfuko atabasamu. Mimi hilo sitalizoea.

Giza la macho ndani ya daladala ya Mbagala saa kumi jioni, umesimama, funga imekukamata, limekwisha. Tusilizungumze.

Ila jambo moja msilipuuze leo. Mwezi ukiandama huja na bamvua. Asubuhi ya saa nne, saa tano, maji yanapwa mbali sana. Ukisimama Coco Beach au ng'ambo Kigamboni utaona mchanga na miamba tu, na vijana watakwambia bahari imetulia. Kufika saa kumi jioni, wakati ambao familia ndiyo kwanza zinashuka na watoto wenye nguo mpya, maji yamejaa mpaka juu, na yakianza kupwa yanavuta. Na likishatua jua, kimwezi hicho cha siku moja hakikusaidii kumtafuta mtoto kwenye umati. Basi wenye watoto wapelekeni bembea, wale barafu na mishikaki, warudi nyumbani mapema. Kuogelea kungoje bamvua lipite, tena mchana.

Kwetu mlango uko wazi tangu baada ya swala. Pilau ni la nyama, kachumbari ina pilipili ya kutosha, na kaimati zimekaangwa za kuzidi kwa sababu nawajua mnavyokula. Majirani Wakristo msingoje mwaliko wa pili, zamu yenu ya kutulisha inakuja Desemba. Mnaovuka toka Kigamboni, anzeni safari mapema. Mkifika saa mbili usiku mkanisingizia foleni ya kivuko, mtakula ukoko.