Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka Tuliomzika Mkaguzi Wetu

Ndugu wanachama, mama mjane, watoto na wajukuu wa marehemu mliokubali kuketi nasi leo: Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum.

Katiba yetu inanitaka nianze na hali ya chama chetu cha kusaidiana misibani. Tumekutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, isipokuwa mwezi wa nne, masika ilipokata njia na akidi haikutimia. Maturubai mawili yaliyochanika yameshonwa. Viti vilivyoazimwa vimerudi vyote, ila sufuria kubwa moja bado iko nje. Namwomba aliyenayo airudishe kabla ndugu zetu hawajaanza kupanda Moshi kwa Krismasi. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Tangu nikabidhiwe kiti hiki, leo ndiyo mara ya kwanza hesabu zitasomwa bila sahihi ya Mzee wetu chini yake, na nisameheni nikitumia muda wangu uliobaki kumzungumzia yeye.

Tulimpumzisha kihambani kwake Kibosho, kati ya kahawa na migomba, akiwa amevuka miaka tisini. Wengi mlimfahamu kama mkaguzi wa chama, yule aliyekuja mkutanoni na penseli mbili na kifutio. Msibani kijana mmoja aliniuliza, "Mwenyekiti, huyu babu alikuwa daktari?" Nikamjibu kwamba alikuwa mwanafizikia tiba, na yeye ndiye aliyewaambia madaktari wa saratani mashine yao inatoa mionzi kiasi gani. Kijana aliitikia kwa adabu, lakini niliona hajaelewa. Nilijilaumu, maana Mzee angemkalisha chini na kumweleza mpaka aelewe.

Basi nieleze kama nilivyoelezwa naye, barazani kwake. Miaka yake ya kazi aliitumia Dar es Salaam, Ocean Road, panapotibiwa saratani, kuanzia kabla mahali pale hapajafanywa taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Mashine aliyoitunza ilitumia kobalti 60, metali inayotoa mionzi yenyewe. Kobalti hiyo haihitaji umeme ili itoe mionzi. Inatoa usiku na mchana, na kila inapotoa inapungua. Baada ya miaka mitano na miezi kama mitatu, nguvu yake inabaki nusu. Mgonjwa aliyelala chini ya chanzo kipya cha mionzi kwa dakika mbili, mwenzake wa miaka mitano baadaye atalala takriban dakika nne ili apate dozi ileile. Kwa mwezi upungufu huo ni kama asilimia moja, mdogo kiasi kwamba mtu mvivu angeupuuza. Yeye alikaa na majedwali yake akapiga hesabu upya kila mwezi, kwa sababu dozi ikipungua saratani inabaki, na ikizidi sehemu zenye afya zinaumia.

Kupima kwenyewe kulifanyika kwenye tangi la maji, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wa mtu ni maji. Ndani yake hutumbukizwa kifaa kidogo chenye hewa, na mionzi ikipita katika hewa ile inaacha chaji za umeme zinazoweza kuhesabiwa. Mama wa Marangu aliyekuwa akitupikia siku hiyo aliuliza hewa inahusika vipi. Mzee akamuuliza, "Mama, maharage yako yanachelewa kuiva huko juu kuliko hapa mjini, au sivyo?" Mama akakubali. "Hewa ya mlimani ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Na kifaa changu ni hivyohivyo." Moshi mjini tuko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa, yaani mgandamizo wake, ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 9. Hewa ndani ya kifaa ikiwa chache, chaji nazo zinakuwa chache. Anayepima hapa na kusahau kusahihisha, kifaa kitamdanganya kwamba mashine ni dhaifu, ataongeza muda, na mgonjwa ataungua. Ndiyo maana ukutani kwake kulikuwa na kipimahewa na kipimajoto hata baada ya kustaafu. Wengi wetu tulidhani ni mapambo.

Binti yake mkubwa alitusimulia siku ya mazishi kwamba baba yao alikuwa na kibeji cha kupimia mionzi aliyopata kazini, na wao watoto walitamani kukiona. Hakukileta nyumbani hata siku moja. Kibeji kilipaswa kulala kazini, alisema, kikija nyumbani kitaanza kuhesabu mambo ya nyumbani. Badala yake aliwaletea penseli na kuwafundisha kujipima urefu kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Mlango ule aliung'oa kila walipohama nyumba, miimo yake na yote, na sasa uko Kibosho. Nimeuona. Majina ya watoto wote yapo, na pembeni tarehe. Kuna mahali ameandika "amevaa viatu, irudiwe".

Lakini jambo ninalotaka liingie kwenye kumbukumbu za mkutano huu ni la jirani yetu aliyerudi kutoka kwenye matibabu ya mionzi miaka kadhaa iliyopita. Mtaa mzima ulimwogopa. Vikombe vyake vilitengwa, watoto walikatazwa kumkaribia, na mimi mwenyewe, nakiri mbele yenu, nilimsalimia nikiwa getini. Mzee akasikia. Akaenda saa ya chakula cha mchana, akaketi kitanda kimoja na mama yule, wakala mtori bakuli moja. Kisha akatuita. "Chanzo kimebaki Dar es Salaam, ndani ya nyumba yake ya madini ya risasi. Mionzi ilimpita mama huyu ikaenda zake. Wewe ukitoka juani ukaingia kivulini, unabeba jua mgongoni?" Hakutukaripia. Siku iliyofuata mke wangu alipeleka ndizi, nami nikaingia hadi ndani.

Katika chama alituachia mawazo mawili ambayo leo nayaleta kwenu rasmi.

La kwanza ni rambirambi. Kiasi tunachotoa kiliwekwa zamani, na mwaka baada ya mwaka tumekisoma kwa fahari kwamba hakijabadilika. Mzee alisimama na kusema hiyo ni kobalti: kwenye daftari ni fungu lilelile, lakini halinunui tena sanduku wala usafiri wa mwili. Alitaka kiasi kipimwe upya kila mwaka kwa bei halisi za soko la hapa Moshi. Kamati imekubali, na katibu atatoa pendekezo.

La pili ni gumu zaidi. Alituambia, "Mtu akifa tunachanga kabla jua halijazama. Akiugua tunamwombea." Yeye aliwaona wagonjwa kutoka mikoani waliokatisha tiba katikati. Tiba ya mionzi mara nyingi hugawanywa katika vipande vidogo, siku tano kwa wiki, kwa majuma matano au zaidi, ili chembe zenye afya zipate nafasi ya kujirekebisha kati ya kipande na kipande. Mgonjwa anayeondoka juma la tatu kwa kukosa mahali pa kulala anakwenda na saratani iliyopumzishwa tu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Mmoja wa wanachama wetu, mama mwingine, alirudi hivyo, bila kumaliza. Sisi hatukujua, kwa sababu katiba haikutupa sababu ya kuuliza. Tulipochanga, tulichangia jeneza. Mzee ndiye aliyekagua hesabu za msiba ule. Kila risiti ilikuwa sawa. Alisaini, akafunga daftari, akasema kwa sauti ya chini kwamba nusu ya fedha ile ingemlaza mama yule Dar es Salaam hadi mwisho wa tiba.

Kwa hiyo kamati inaomba ridhaa yenu tuanzishe fungu la wagonjwa, litakalolipa nauli na malazi ya mwanachama au mwenza wake anayekwenda kwenye tiba ndefu. Mimi naliunga mkono kwa moyo wangu wote, na naomba tusiliahirishe hadi mwakani.

Niongeze moja kwa akina mama na akina baba wenye mabinti, kwani Mzee alilirudia kila alipopewa nafasi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na chanjo yake ipo. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulitangulia kwa majaribio mwaka 2014, na 2018 ikaenea nchi nzima. Mabinti wapelekwe. Yeye aliyaona ya upande wa pili kwa maisha yake yote ya kazi, na alitamani kwamba chumba kile cha mashine kikose watu.

Nafasi ya mkaguzi iko wazi, na uchaguzi ni ajenda ya sita. Atakayechaguliwa atakabidhiwa madaftari yote, na atakuta pembezoni mwa kurasa maswali ya Mzee kwa penseli ambayo hatukuwahi kuyajibu.

Familia imenipa ruhusa kuwaonyesha daftari jingine, lipo hapa mezani kwa katibu. Ni la mvua. Tangu alipostaafu na kurudi Kibosho alikuwa na kipimamvua kando ya kahawa, akikisoma kila asubuhi saa tatu, na miaka ya mwisho macho yalipopungua mjukuu wake ndiye aliyemsomea. Binti huyo ameendelea. Mtaona kwamba siku nne za msiba ameziacha wazi. Shangazi yake alimwambia aandike sifuri, kwani hatukuona mvua, akakataa: hakwenda kusoma kipimo siku hizo, na babu alimkataza kuandika kisichopimwa.

Naomba kuwasilisha.